Tunaomba Akaliza Aandikwe Kuwa Amefeli

Risala ya wanafunzi wa Kundi la Tano, Chuo cha Urubani Anga ya Kivu, kwa mgeni rasmi, siku ya kutunukiwa vyeti, Rubavu

Mgeni rasmi, kabla hujapokea maua, tunaomba uhesabu viti vya safu ya mbele. Viti ni kumi na viwili, waliokaa ni kumi na mmoja. Ratiba uliyopewa mlangoni inasema wahitimu ni kumi na mmoja, na ndiyo maana watu wa itifaki wamekitoa kile kiti kitupu mara mbili asubuhi hii. Mara zote mbili tumekirudisha. Tafadhali, kisiguswe mpaka tumalize kusoma.

UKARIBISHO

Mheshimiwa Bi. Donatille, Mkurugenzi wa Leseni katika Ofisi ya Kanda ya Leseni za Marubani, karibu sana Rubavu. Poleni na safari, wewe na ujumbe wako. Tunajua zile kona za Kanama hazina huruma kwa mtu aliyekunywa chai nzito asubuhi, na tunajua mlikaa nyuma ya malori ya viazi. Harufu mnayoisikia ni ya kimea, inatoka kiwanda cha bia huko Rubona, kwa hiyo msiwashuku madereva wenu. Sisi tumeizoea kiasi kwamba siku isipokuwepo tunaulizana kuna nini.

Risala hii tunaisoma kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayogombania na kupatania humu chuoni. Watano ni wa hapa mjini Gisenyi, wanne wanavuka mpaka kutoka Goma, wawili ni wa Bujumbura, na mimi ninayesoma, Jado, nimekulia Karagwe, Tanzania, kabla wazazi wangu hawajarudi nyumbani. Wenzangu wamenichagua wakisema mimi naongea kama redio. Maneno ni ya wote, sauti tu ndiyo yangu.

Jambo moja tuliseme mapema ili lisije likasemwa nyuma yetu. Kuna risala nyingine. Ina ukurasa mmoja, imepigwa muhuri na ofisi ya Mkuu wa Chuo, Bwana Protais, na ndani yake tunashukuru mara tisa. Tumehesabu. Ile iko mfukoni mwangu na itabaki huko. Bwana Mkuu, wewe ni mkubwa wetu na tunakuheshimu, na tunajua hapa umeshaanza kukohoa. Maji yako mezani. Tuvumilie, sisi tumekuvumilia miezi kumi na minane.

HISTORIA FUPI

Chuo chetu kilifunguliwa miaka sita iliyopita katika jengo lililokuwa ghala la kahawa, barabara ya kwenda Rubona. Madarasa ni mawili, vyoo ni vitatu, na katikati ya jengo iko simuleta. Kwa wazazi na wageni ambao hawajawahi kuingia humo: simuleta ni chumba kilichotengenezwa kama sehemu ya mbele ya ndege. Kuna viti viwili, usukani, pedali, vipimo na taa zote, na vioo ambavyo badala ya kuonyesha ukuta vinaonyesha uwanja, mawingu na milima. Mwalimu anakaa nyuma na skrini yake. Akibonyeza hapa, mvua inanyesha. Akibonyeza pale, injini inakufa. Uzuri wake ni mmoja tu: ukikosea humo, hafi mtu. Sisi tunakiita Kibanda.

Mwalimu wetu wa Kibanda ni Kapteni Vénuste, rubani mstaafu, mtu mpole kupita kiasi. Ni yeye aliyeanzisha desturi ambayo leo imetuleta hapa, na tuseme ukweli wa Mungu, aliianzisha kwa nia njema. Mwanafunzi mgeni akizimiwa injini ghafla huwa anaachia usukani na kushika kichwa. Basi, wiki ya kwanza, Kapteni alikuwa akitaka kuzima injini ya kushoto anagonga mara moja mgongoni mwa kiti kwa kalamu yake. Injini ya kulia, anagonga mara mbili. Tok, au tok-tok. Ukisikia moja, unajua ndege itavutwa kushoto, unakanyaga pedali ya kulia. Ukisikia mbili, unakanyaga ya kushoto. Wiki ya pili kalamu inarudi mfukoni, na kuanzia hapo unajitegemea kwa macho, mgongo na miguu yako mwenyewe.

Hivyo ndivyo walivyofundishwa Kundi la Kwanza. Walifanya mtihani watu kumi, wakafaulu sita. Wanne wakaandikwa wamefeli, wakalia, wakafundishwa tena, wakarudia, wakafaulu. Wote wanne leo wanarusha ndege, na mmoja wao ni kapteni. Kundi la Pili walikuwa kumi na mmoja, wakafaulu saba mara ya kwanza, na waliobaki wakarudia vilevile. Hakuna aliyeona aibu.

Kisha, Mheshimiwa, ukaja waraka. Ulitoka ofisini kwako. Ulisema chuo ambacho wanafunzi wake chini ya asilimia themanini wanafaulu mtihani wa simuleta kwa mara ya kwanza kitafungiwa. Hatudhani aliyeuandika alikuwa na ubaya. Labda alifikiri vyuo vitafundisha kwa bidii zaidi. Chuo chetu kilifanya hesabu nyepesi zaidi: Kapteni Vénuste aliitwa ofisini, na tangu siku ile kalamu haijarudi mfukoni.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu yameandikwa kwenye bango lililo nyuma yako, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: UFAULU ASILIMIA MIA, MAKUNDI MATATU MFULULIZO. Bango ni zuri. Limeshonwa vizuri hata pindo.

Kundi la Tatu waligongewa, wakafaulu wote. Kundi la Nne waligongewa, wakafaulu wote. Na sisi kumi na mmoja tuliokaa mbele yako tukiwa tumepiga pasi mashati na kung'arisha viatu, tuligongewa. Tulifaulu wote. Tunakwambia wazi kwa sababu mtahini wako hawezi kukwambia, yeye hakusikia. Alikuwa amekaa chumba cha pembeni, amefunguliwa skrini moja, na mbele yake kulikuwa na sambusa na chai ya tangawizi. Hatusemi alipewa chochote zaidi ya hizo sambusa. Tunasema kalamu inagonga upande mmoja wa ukuta na sahihi inawekwa upande wa pili.

Fanikio lingine ni la saa. Kitabu chenu kinataka kila mwanafunzi akae kiti cha mbele saa arobaini. Umeme ukikatika, au miguu ya mafuta inayokibeba na kukitikisa Kibanda ikivuja, saa zinapungua. Kwa hiyo ukikaa kiti cha nyuma ukimtazama mwenzako akirusha, nawe unaandikiwa saa kana kwamba umerusha. Kuna mwenzetu ameandikiwa saa mbili za siku aliyokuwa amelala wodini na malaria. Tukimtania, tunamwambia yeye ndiye rubani wa kwanza kurusha ndege akiwa na dripu mkononi.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo roho zetu zinapouma, na tunaomba radhi ikiwa sauti itapanda.

Gentil alikuwa wa Kundi la Nne. Alikuwa wa kwanza wao, na picha yake iko pale mapokezi. Aliajiriwa na kampuni ya ndege za mizigo, akapelekwa nchi nyingine kufanyiwa mtihani kwenye simuleta yao. Alitusimulia mwenyewe, Rubona, kwenye meza ya brosheti, yaani mishkaki, karibu na gati. Alisema ndege ilikuwa inakimbia uwanjani, karibu kupaa, akaona pua inavutwa pembeni. Akaona kipimo cha injini kimelala. Aliona kila kitu. Na hakufanya kitu. Ndege ikatoka uwanjani, ikapinduka, vioo vikawa vyekundu. Mtahini wa kule, mzungu mmoja mzee, akamuuliza taratibu: ulikuwa unangoja nini?

"Donc mi nikamujibu kweli," Gentil akatwambia. "Nilikuwa nangoja banigonge."

Tulicheka, Mheshimiwa. Tulicheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Naye akacheka. Na katika kile kicheko mhudumu akaleta soda, akaitua chupa mezani kwa kishindo, tok. Régis, ambaye yuko hapa safu ya mbele, kiti cha nne, mguu wake wa kulia ukaruka ukakanyaga chini, kwa nguvu, mpaka meza ikatikisika na pilipili ikamwagika. Hakukusudia. Akautazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine. Sisi wote tukautazama. Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Gentil sasa anaandika majina ya abiria wa boti kwenye gati hilohilo. Ni kijana mwenye akili kuliko wengi wetu. Kampuni ile imemwandikia Bwana Mkuu kwamba haitapokea tena mtu kutoka hapa, na barua hiyo haikubandikwa popote. Lakini picha ya Gentil bado iko mapokezi, anatabasamu, chini yake pameandikwa "Ameajiriwa".

Ni Akaliza aliyesema tujipime. Mheshimiwa, sasa tunakutajia jina la mwenye kile kiti. Akaliza ni wa hapahapa Gisenyi. Mama yake anauza sambaza, anavuka mpaka wa Petite Barrière kila asubuhi na beseni kichwani, na kwa samaki hao amemsomesha binti yake mpaka Kibanda. Akaliza si mwongeaji. Akiongea huwa anaongea mara moja. Alimwendea Kapteni Vénuste Jumamosi moja mchana, Mkuu akiwa Kigali, akamwambia, "Kapiteni, leo utuzimie kila mutu injini moja. Usigonge. Tuone tuko nani."

Kapteni alikataa, kisha akakubali. Tuliingia mmoja mmoja. Kati ya watu kumi na wawili, tisa tulianguka. Mimi ninayesoma risala hii niliingia ziwani na abiria hamsini wa kuigiza, na wa mwisho kusikika nilikuwa mimi, nikipiga kelele "bado, bado!" kana kwamba injini inasikia. Akaliza naye alianguka siku ile. Alitoka Kibandani jasho linamtiririka, akasema, "Bon. Sasa tunajua."

Tulijua. Na hapa, mgeni rasmi, hasira yetu haianzi kwa Bwana Mkuu wala kwa ofisi yako. Inaanza kwetu. Kwa sababu siku ya mtihani ilifika wiki tatu baadaye, na sisi kumi na mmoja, tukijua tunachokijua, tuliingia Kibandani, tukanyoosha masikio, tukasikia tok, tukakanyaga. Tulitoka tumefaulu. Kila mmoja alijiambia ana sababu. Mmoja ana mikopo ya wazazi, mwingine ana mchumba, mwingine alichoka tu. Mimi niliogopa. Sina sababu nzuri zaidi ya hiyo.

Akaliza aliingia wa kumi na mbili. Sisi tulikuwa mlangoni, mlango haufungiki vizuri tangu mvua za mwaka jana, na tulimsikia.

"Kapiteni, mi usinigonge."

"Mtoto wangu, leo ni mtihani."

"Njo maana. Kama naanguka, niache nianguke."

Kapteni hakugonga. Injini ya kushoto ikafa akiwa anapaa, na Akaliza akaidaka mwenyewe, kwa mguu wake. Tulisikia Kapteni akivuta pumzi. Lakini kurudi kutua kwa injini moja ndani ya ukungu kulimshinda. Mwendo ulishuka chini ya kiwango, akaupandisha, ukashuka tena. Alitua, magurudumu yakiwa uwanjani, lakini kwa sheria mara mbili ni kufeli. Kapteni akaandika kwa mkono wake kwenye fomu, ambayo ilikuwa bado haijapelekwa kwa mtahini: "Hajafaulu. Arudie." Akaliza akaisoma, akasaini, akashukuru, akaja kutuuliza kama zimebaki ndizi tulizokuwa tunakula.

Kwa mwongozo wenu, aliyefeli ana siku sitini za kufundishwa tena na kurudia mtihani. Hilo ndilo alilokuwa anakwenda kulifanya. Asubuhi yake akaitwa ofisini, akapewa karatasi nyingine. Ilisema kwamba yeye, Akaliza, alijiondoa chuoni kwa sababu za kifamilia, siku moja KABLA ya mtihani. Akaambiwa asaini. Akauliza sababu zipi za kifamilia. Akaambiwa asilete ubishi, bango limeshaagizwa. Akakataa kusaini. Ile fomu ya Kapteni haijaonekana tena, na kwenye orodha iliyoletwa ofisini kwako Akaliza ameandikwa amejiondoa. Mheshimiwa, aliyejiondoa hana siku sitini. Aliyejiondoa hana hata siku moja. Akitaka urubani aanze upya, mwaka na nusu, kwa sambaza zipi?

Leo ni siku ya arobaini na moja. Zimebaki kumi na tisa.

Tulikwenda nyumbani kwao kumpa pole mama yake. Tulimkuta anaanika nyavu za kukaushia samaki. Tayari alikuwa amewaambia wanawake wote wa foleni ya mpakani kwamba binti yake anatunukiwa, na kitambaa cha mushanana, vazi la sherehe, alikuwa ameshampelekea fundi. Tulidhani atalia. Alituangalia mmoja mmoja, mikono kiunoni, akasema:

"Kama mutoto alianguka, baandike alianguka. Kuanguka si kuiba. Lakini kusema hakufika? Mi nilimupikia chai asubuhi ile! Mi nilimupigia pasi shati! Nani alivaa shati yangu, pepo?"

Tulikunywa chai yake, tukaondoka tumeinamisha vichwa, na njiani Régis ndiye aliyesema lazima tuandike. Régis huyohuyo kwanza alikuwa amebisha. Ana barua ya kazi, anatakiwa aripoti mwezi ujao, na siku zote alikuwa akisema, "Bon, tupokee vyeti kwanza, mengine tutajifunza huko mbele." Huko mbele wapi? Huko mbele ndiko waliko watu wenye tiketi mkononi. Amesaini wa mwisho, lakini amesaini kwa herufi kubwa.

Kapteni Vénuste yuko safu ya tatu. Hatumwombi aseme lolote. Ana watoto wanne na kazi moja. Tunamwomba tu asitikise kichwa kukataa.

Na wewe, Mheshimiwa, utusamehe, lakini hatuwezi kukuacha umekaa tu na maua. Ofisi yako ilitaka idadi, ikapewa idadi. Miaka mitatu chuo cha ghala la kahawa, chenye Kibanda cha miguu inayovuja, kinaleta asilimia mia, na hakuna mtu kwenu aliyekuna kichwa na kuuliza inakuwaje. Hata shule ya msingi ikifaulisha darasa zima mwaka hadi mwaka, wazazi wanaanza kunong'ona. Kwenu ilipigwa makofi. Tumeambiwa umekuja na ngao ya kukipongeza chuo, na tumeiona ikishushwa kwenye gari.

MAOMBI

Ombi letu la kwanza ni la ajabu na tunajua hujawahi kuletewa. Watu husimama mbele ya mgeni rasmi wakiomba wapandishwe. Sisi tunaomba mwenzetu aandikwe kuwa amefeli. Rudisha jina la Akaliza kwenye orodha, liandikwe lilivyo: alifika, alifanya mtihani bila kugongewa, hakufaulu, ana haki ya kurudia, na zimebaki siku kumi na tisa. Usimwonee huruma wala usimpe alama. Mpe tu ukweli wake, kwa sababu katika watu kumi na wawili ni yeye peke yake aliyetahiniwa.

Ombi la pili linatuhusu sisi. Pale mezani kuna vyeti kumi na moja vimefungwa utepe wa bluu. Yatakaposomwa majina yetu hatutainuka. Si dharau, na wazazi wetu waliovaa vizuri leo tunawaomba radhi. Wengine wanalisikia jambo hili sasa hivi kwa mara ya kwanza, tunaziona nyuso zao. Mama, baba, msituchukie. Mheshimiwa, rudi na vyeti hivyo ofisini kwako. Tuletee mtahini atakayekaa ndani ya Kibanda, nyuma yetu, mikono magotini, bila kalamu. Atuzimie injini yoyote, wakati wowote, upepo ukivuma kutoka mlimani kama unavyovuma hapa kweli na si kama unavyofungwa siku ya mtihani. Tunajua hesabu yake itakavyokuwa. Ile Jumamosi walibaki watatu. Basi wawe watatu. Bango litashonwa jingine.

Kwa ule waraka wa asilimia themanini, hatujui sheria za ofisini na hatutajifanya tunazijua. Tunachojua ni kwamba waraka huo umefanya kufeli kuwe kosa la chuo, na chuo kikaamua kwamba watu wake hawafeli, wanapotea. Tunaomba uutazame tena. Uliza pia saa za kiti cha mbele ni ngapi kweli; daftari la mlinzi wa getini linaandika anayeingia na anayetoka, na halijui kudanganya kwa sababu hakuna aliyelifundisha.

Na picha ya Gentil iondolewe mapokezi. Ametuomba hivyo mwenyewe. Akipata nafasi ya kufundishwa upya atashukuru, naye ameahidi kuwafundisha wengine kile hasa alichokosea.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tumesema kwa ukali kwa sababu ni sisi tutakaokuwa mbele na ni nyinyi mtakaokuwa nyuma, mmefunga mikanda. Siku moja utapanda ndege, utakunywa maji, utafungua gazeti, na mlango ule wa mbele utakuwa umefungwa. Nyuma yake atakuwepo mmoja wetu. Injini ikifa hakuna mtu atakayemgonga.

Sasa kuhusu kile kiti. Akaliza hakubaki nyumbani leo. Alifika saa moja na nusu asubuhi, amevaa sare, shati lililopigwa pasi na mama yake, viatu vyeusi. Mlinzi alitafuta jina lake kwenye orodha ya wageni, hakuliona, na yeye ni mtu wa kazi, hatumlaumu. Amempa kiti cha plastiki nje ya geti. Ulipoingia, gari lako lilimpita. Huenda ulimwona ukadhani ni mmoja wa waliopangwa kukupokea, maana alisimama na kupiga saluti.

Tunaomba utakapotoka usimamishe gari. Hatutaki umwahidi kitu. Muulize tu mwenyewe kama tarehe ile alikuwepo au hakuwepo, na umsikilize anavyojibu. Huwa anajibu mara moja.

Mungu akulinde barabarani, azilinde kona za Kanama, awalinde wote walio hewani saa hii pamoja na wanaowangoja chini. Awape wanaotia sahihi macho ya kuona ng'ambo ya ukuta. Atupe sisi miguu isiyongoja kuambiwa.

Ni sisi, wanafunzi kumi na wawili wa Kundi la Tano, Chuo cha Urubani Anga ya Kivu, Rubavu.

Sahihi kumi na moja zimewekwa humu ukumbini. Ya kumi na mbili imewekwa getini, kwenye daftari la mlinzi, saa moja na nusu asubuhi, mahali pa kuandika aliyefika.